Ukuta wa Ohio State, mimi na shemeji

Agosti 2025 yote hapa Columbus tulikuwa na ubishi mmoja nyumbani: Ohio State, timu yetu ya chuo ya futiboli ya Kimarekani, watamzuia nani msimu huu? Wale wanne wa mstari wa mbele waliotwaa ubingwa Januari, Sawyer, Tuimoloau, Williams na Hamilton, wote walikuwa wameshakwenda NFL, ligi ya kulipwa. Kocha wa ulinzi Jim Knowles naye alikuwa kahamia timu ya chuo cha Penn State. Shemeji akaniambia, "Kaka, ukuta umebomoka. Nani tena atampora mtu mpira akimbie nao yadi 83 kama Sawyer alivyowafanyia Texas?"

Hapo nilinyamaza kidogo, maana lile tukio bado linanisisimua. Lakini nilikuwa na jina langu: Caleb Downs. Yule kijana wa ulinzi wa nyuma alikuwa anausoma mchezo kabla wengine hawajainua mguu. Mbele yake walikuwepo Sonny Styles na Arvell Reese, wenye mbio na miili. Nikasema, nyuma kukitulia, vijana wapya wa mbele watapata muda wa kujifunza.

Agosti 30 wakaja Texas hao hao. Wakafika yadi moja tu kutoka mstari wa mwisho, jaribio la nne na la mwisho, Arch Manning, mrusha mpira wao, akajitosa katikati. Akagonga ukuta! Nilijikuta nimesimama juu ya kochi. Tukashinda 14-7.

Shemeji alinipa mkono, ila hakukubali. Alisema tusubiri Michigan, mahasimu wetu waliokuwa wametufunga mara nne mfululizo. Hapo sikuwa na jibu, nilikuwa na roho inayodunda tu.