Egemeo la shavu lisilolegea kwenye kitako cha mbao

Darubini ikifungwa juu ya bunduki, shavu hukosa pa kutulia na jicho huhangaika kutafuta katikati ya lenzi. Kwanza toa risasi, kagua chemba (tundu la risasi nyuma ya mtutu), chomoa komeo, yaani chuma cha kuvuta kinachoifunga chemba.

Pata kimo cha egemeo kwa vipande vya kadibodi na utepe juu ya kitako: fumba macho, laza shavu, fumbua. Picha ikionekana nzima bila kivuli, hicho ndicho kimo chako. Kata mbao ngumu kavu, nyuzi zake zifuate urefu wa kitako.

Gundi peke yake haitoshi, na juu ya vanishi haishiki vizuri. Kwangua hadi mbao tupu, piga msasa namba 80, futa kwa asetoni. Toboa matundu mawili ya milimita 6, upachike vijiti vya mbao ngumu. Hivyo ndivyo vinavyozuia egemeo kuteleza bunduki inaporudi nyuma. Tumia epoksi inayokauka polepole, uache saa 24. Jiriwa ikikazwa mno, gundi nyingi hukamuliwa nje na kiungo hubaki kikavu.

Kabla ya kupaka mafuta, rudisha komeo ulivute hadi mwisho. Likigusa egemeo, chonga mfereji upande wa mbele.