Hasumbue tena mutu

Neno lenyewe ni dogo, na aliyelisema alikuwa anatabasamu. Jumapili ya juma juzi, baada ya misa, nilikwenda kumwona Papa, baba yangu, kwenye nyumba ya wazee ya masere, yaani masista. Dada wa zamu ya mchana alinipokea mlangoni na beseni la nguo kiunoni, akaniambia: "Mama Grâce, ufurahi. Papa iko muzuri sasa. Hasumbue tena mutu."

Nami nikajibu: "Aksanti sana, dada."

Tangu siku ile nalala na kuamka na hiyo aksanti. Niko maabara, nimeinamia darubini, naisikia. Niko kwenye basi narudi Katuba, mtaa wetu hapa Lubumbashi, naisikia. Nilikuwa nashukuru nini?

Papa mnamfahamu. Aliingia Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi ya shaba, mwaka 1971, akatoka 2003 pamoja na wale zaidi ya elfu kumi wa départ volontaire, kuacha kazi kwa hiari, na katika miaka yote hiyo hajapata kuwa mtu asiyesumbua. Alisumbua parokia kuhusu hesabu ya sadaka. Sisi watoto alitusumbua kuhusu viatu, lazima vilale vimepigwa rangi. Hata ugonjwa ulipomla kumbukumbu, kusumbua kulibaki: saa kumi ya alfajiri anaamka, anavaa, anadai gamela yake, chombo cha chakula cha kazini, aende zamu. Alfajiri hizo ndizo zilizowafanya majirani waanze kunong'ona habari za uchawi, na mnajua tulivyofikia kumpeleka kwa masere, na maneno niliyoyapata kwa shangazi. Sirudii.

Sasa Jumapili ile alikuwa kwenye kiti cha plastiki, uso umeelekea ukutani. Midomo ilikuwa imekauka, ngozi inabanduka kwenye pembe za mdomo. Nilimpa maji, akamaliza kikombe kizima bila kukitua, nikamwongezea, akamaliza na cha pili. Shati lilikuwa safi, kucha zimekatwa, shuka limenyooka kitandani. Niliuona usafi ule nikaridhika. Mimi ninayeshinda na mikojo na damu za watu, sikujiuliza kwa nini mzee aliyetoka kula awe na kiu namna ile.

Jumanne nilimpigia Clarisse kule Liège, Ubelgiji, kumpa habari za ndugu yetu Patient (ndiyo, amejitambulisha kwa wakwe, hatimaye, na watu kumi na wawili walitoka Kasumbalesa, kule mpakani na Zambia, kuja kwetu, nitaandika siku nyingine). Katikati ya mazungumzo nikamwambia, kama habari njema, kwamba Papa ametulia. Mdogo wangu huyu ana mwaka wa tisa akifanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Alinyamaza kwanza. Kisha akaniuliza mimi dada yake: "Yaya, ametulia ao amezimwa?"

Yakafuata maswali. Anakunywa vikombe vingapi kwa siku? Choo alienda lini? Bado anatembea? Jioni anapewa dawa gani, na nani anaandika? Sikuwa na jibu hata moja. Akanieleza kwamba ugonjwa wa kusahau hutambaa polepole, haumwangushi mtu kati ya Jumatano na Jumapili. Mzee akibadilika ghafla, hata kama amebadilika kuwa mpole, kwao wanaangalia kwanza mkojo, maji, choo, maumivu na dawa. Akaniambia pia kwamba dawa za kutuliza za aina ya haloperidol huongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye ugonjwa huu. Marekani walitoa onyo kuhusu zile mpya mwaka 2005, na 2008 wakaunganisha na za zamani. Hazikatazwi kabisa, alisema, lakini anayezitoa lazima ajue anazikomesha siku gani.

Alhamisi nilitoka kazini na kichupa mkobani. Kwanza niliomba kijitabu cha dawa. Matone ya jioni, ya dawa ya kutuliza, yalikuwemo, yameandikwa kwa kalamu nyekundu, tangu usiku Papa alipomsukuma mlinzi pale langoni. Hakuna aliyenipigia simu kuniambia habari ya kusukumana wala ya matone. Mkojo niliupima mwenyewe jioni ile. Chembe nyeupe zilijaa kila nilipotazama, na bakteria katikati yake. Kwa hiyo mzee alikuwa na maambukizi ya njia ya mkojo juu ya dawa ya kutuliza, na sisi tunasema iko muzuri.

Nilikwenda kwa masere mkuu nimejiandaa kugombana. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafungua kijitabu, akavua miwani. Daktari alikuwa ameandika siku tatu. Siku ya nne hakuna aliyesimamisha. Usiku ana mlezi mmoja kwa wazee ishirini na wawili. "Tulikosa, mama," alisema, na maneno yote niliyokuwa nimeyapanga njiani yakanikauka. Daktari alifika kesho yake, akaondoa matone, akaandika antibiotiki.

Ijumaa iliyopita niliomba nilale pale. Saa kumi ya alfajiri nikasikia kitanda kinalia. Papa alikuwa amekaa, anatafuta viatu kwa miguu gizani. Nilitaka kuinuka, lakini mama wa usiku alinishika bega. Akamvalisha koti, akampa gamela yake, ile ile ya bati iliyobonyea ubavuni, na ndani yake kipande cha kiazi kitamu. Wakatoka pamoja mkono kwa mkono. Niliwafuata kwa mbali.

Langoni mlinzi alisimama akasalimu. "Papa, leo ni konji." Yaani likizo.

Papa akafikiri. "Konji ya kulipwa?"

"Ya kulipwa, Papa."

"Bien." Akageuka. Waliporudi alinikuta nimesimama kwenye baraza, akanikazia macho. "Na weye, unafanya nini huku usiku? Kesho si masomo?"

"Ndiyo, Papa. Naenda kulala."

Alinikemea kwa sauti yake ile ile ya Katuba, ya wakati tukiwa watoto sita chumba kimoja. Nililia nikiwa nimeziba mdomo kwa kitenge ili nisiwaamshe wengine. Papa wangu alikuwa anasumbua tena.

Tulipokuwa tunakunywa chai, mama wa usiku aliniambia anafanya hivyo tangu mwezi wa tatu. "Ukimuzuia, anapiga. Ukimusindikiza, anarudia kulala mupaka asubui." Ni robo saa. Ule usiku wa kusukumana yeye alikuwa kwenye kilio cha dada yake, na aliyemshikia nafasi hakujua habari ya gamela. Haikuandikwa popote. Kwenye kijitabu kulikuwa na presha, joto na matone, lakini lango na konji vilikuwa kichwani mwa mama mmoja tu.

Nilikata ukurasa nikaandika vyote: gamela, kiazi, koti, mlinzi, konji ya kulipwa, sukari vijiko viwili, aitwe Papa Contremaître (msimamizi wa kazi) anapokasirika, vikombe vya maji vihesabiwe, nipigiwe simu saa yoyote. Masere ameubandika juu ya kitanda.

Dada wa mchana bado sijamwambia kitu. Ana wazee kumi na mmoja wa kuogesha kabla ya chai, peke yake, na aliponiambia neno lile alikuwa amenifurahia kweli. Sijui nitaianzaje hiyo habari. Jumapili nitamchukulia kitenge, tukae kidogo.

Usiku huu kunanukia mvua, ya kwanza msimu huu. Bati la jikoni lile lililotoboka bado, na mifuko miwili ya unga iko chini yake hasa. Patient aliniahidi kuja kupigilia misumari, lakini tangu wakwe waondoke hashiki simu.