Mbwa wangu Chui, mlinzi wa karafuu

Jamani leo nataka niwaambie kuhusu Chui, mbwa wangu nimpendae sana. Sie tupo shamba huku Wete, na Pemba wengi hawataki mbwa karibu kwa sababu ya najisi, mate yake yakikugusa unaosha mara 7 na moja kati ya hizo kwa udongo, na kwa mama yangu hilo halina mjadala, kwa hiyo Chui ana banda lake nje chini ya mwembe na sufuria lake mwenyewe, na mie nina nguo zangu za kukaa nae. Lakini mbwa wa ulinzi karuhusiwa, na huyu mlinzi kweli kweli.

Msimu wa karafuu ndo utamjua. Tukishaanika kwenye majamvi anajilaza pembeni, kuku akisogea masikio yanasimama kwanza, halafu anainuka taratibuu, wala habweki, anamfata tu mpaka kuku mwenyewe anaondoka. Nampenda mie!

Jioni anakula ubwabwa na dagaa, mifupa ya kuku iliyopikwa simpi, inavunjika vipande vikali. Na chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka siachi, maana ule ugonjwa dalili zikishaanza hauna dawa, ndo maana akikung'ata mbwa yeyote osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kisha mbio hospitali.

Watoto wa jirani walokuwa wakimrushia mawe siku hizi wanamwita jina, na juzi mmoja kaniuliza mbwa wao achanjwe wapi, kesho nawapeleka kwa daktari wa mifugo.