Jinsi nilivyomfikisha mjomba kwenye jazi ya Marekani

Mjomba wangu ni fundi cherehani, Magomeni, na kwake jazi ni bendi zetu za dansi: Western Jazz, Morogoro Jazz, Nuta Jazz na Kilwa Jazz. Nilipomwambia kuna jazi ya Marekani ninayoipenda, ambayo mara nyingi haina hata mwimbaji, aliniuliza, "Sasa hao wanasema nini?" Nikaona nimsikilizishe. Nilikosea mara mbili kabla ya kupatia.

Kwanza nilimwekea A Love Supreme ya mpiga saksafoni John Coltrane, iliyorekodiwa Desemba 1964. Kwangu hakuna albamu inayoishinda. Ni kama dua yenye sehemu nne. Mjomba aliivumilia dakika chache, akarudi kwenye suruali ya mteja. Kosa lilikuwa langu. Mimi mwenyewe niliifikia baada ya mwaka mzima, halafu nataka yeye aifikie kwa jioni moja.

Safari ya pili nikaja na Kind of Blue ya mpiga tarumbeta Miles Davis, ya 1959. Katika kipande cha kwanza besi ndiyo inayobeba wimbo: Paul Chambers anatupa neno, wenzake wanamwitikia kwa noti mbili tu. Nikamwambia, "Mjomba, tarumbeta iache kwanza. Mfuate mpiga besi." Hiyo ndiyo njia iliyonifungulia mimi. Ukitaka kuwasikia wote kwa pamoja unachoka; mshike mmoja, wimbo ukirudi mshike mwingine. Halafu hesabu. Kipande kile kina mafungu manne, kila fungu hatua nane, na kila hatua ni midundo minne. Fungu la tatu linapanda kidogo, la nne linarudi palepale pa mwanzo. Tarumbeta na saksafoni zinapobuni yao, mafungu hayo yanaendelea kuzunguka chini yake. Mjomba akawa anahesabu kwa kidole mezani, na lilipofika fungu la tatu akakinyanyua mwenyewe. Nilifurahi mno. Lakini ilipokwisha akasema, "Wanajua kupiga. Ila mimi hawajaniambia kitu."

Neno hilo lilinikaa wiki nzima. Ndipo nikaikumbuka albamu ya Uhuru Afrika.

Mpiga piano Randy Weston aliirekodi New York, Novemba 1960, akiwa na bendi kubwa. Melba Liston, mwanamke mpiga tromboni, ndiye aliyeupanga muziki wote. Shairi ni la mshairi Mmarekani Langston Hughes, na aliyelisema kwa Kiswahili ni Mtanganyika, Tuntemeke Sanga. Tanganyika yenyewe ilikuwa bado mwaka mmoja kupata uhuru! Kwenye ngoma yupo Babatunde Olatunji wa Nigeria pamoja na Wakuba, Candido na Armando Peraza. Mwaka 1964 utawala wa makaburu Afrika Kusini uliipiga marufuku.

Sikumweleza lolote kati ya hayo. Niliiweka tu, naye anashona. Kiswahili kilipotoka, mguu wake ukasimama kwenye pedali.

"Rudisha."

Nikarudisha. Akataka tena. Mara ya tatu alikuwa ameshageuza kiti, ananiambia, "Huyo wa tumba ni Mkuba, mkono wake naujua." Na kweli, ujana wake ulipita kwenye santuri za Kikuba, zile zenye namba za GV, ambazo wanamuziki wetu wa dansi walijifunzia.

Siku hiyo alitoa kanda zake za Western Jazz na kunirudishia somo langu: mwimbaji niache, nimfuate mpiga ridhimu. Nimekua nikisikia nyimbo zile harusini na redioni, lakini sikuwahi kusikia jinsi gitaa la ridhimu linavyokaa nyuma kwa subira hadi kwenye chemko, pale wimbo unapochangamka, ndipo saksafoni ziingie. Ule mtindo wao wa saboso nilikuwa naujua jina tu.

Tangu hapo Ijumaa ni zamu kwa zamu. Nilimletea Mwandishi, albamu ya mpiga piano Herbie Hancock, ya 1971, ambayo wanamuziki wake walijipa majina ya Kiswahili: Hancock Mwandishi, mpiga besi Mchezaji, mpiga dramu Jabali, mpiga tromboni Pepo Mtoto. Nikamletea na Mulatu Astatke wa Ethiopia, mwenye jazi iliyosimama juu ya skeli, yaani ngazi za sauti, za kwao. Hiyo ameomba nimwachie.

Ijumaa hii zamu ni yake. Kasema ni Kilwa Jazz, na nisichelewe.