Samaki wangu walikuwa wanatweta kila alfajiri

Mama ndiye aliyeona kwanza. Anaishi nasi hapa Tabata, na huwa macho kabla ya adhana. Siku moja mwezi wa Februari aliniambia, "Mwanangu, hawa samaki wako kila nikiamka kuswali nawakuta juu wanatweta. Mchana mbona wazima?"

Sikumwelewa upesi, maana tangi lile nililiamini sana. Ni la kioo, linachukua kama lita 110, na nilikuwa nimelijaza mimea hadi ukuta wa nyuma hauonekani: Vallisneria yenye majani marefu kama utepe, Ceratophyllum ile inayoota pia Ziwa Victoria, Anubias niliyoifunga kwenye kigogo, na juu ya maji kabichi maji zinazoelea. Ikifika saa saba mchana majani yalikuwa yakitoa vipovu vidogo kama shanga, vinapanda kimoja kimoja. Hiyo ni oksijeni. Maji yakishashiba, inayozidi haiyeyuki tena, ndiyo unaiona. Kwa sababu ya vipovu hivyo pampu ya hewa nilikuwa nimeichomoa na kuiweka kabatini.

Usiku uliofuata niliweka simu iniamshe saa kumi na nusu. Nikamulika kwa tochi. Tetra, wale samaki wangu wadogo, wote 12 walikuwa wamejipanga juu, midomo imegusa uso wa maji, matamvua yanaenda mbio. Samaki mwingine, gurami, peke yake alikuwa ametulia, na huyo si wa kumtegemea kama kipimo, kwani ana kiungo cha kupumulia hewa ya nje, kama kambale. Taa za tangi ziliwaka saa mbili asubuhi. Kufika saa nne tetra walikuwa wameshuka wenyewe, wanakimbizana kama hakuna kilichotokea.

Hapo ndipo swali la Mama lilipojijibu. Mmea hutengeneza oksijeni ukiwa na mwanga tu. Gizani nao unapumua kama samaki, unatumia oksijeni na kutoa hewa ukaa, na bakteria walio kwenye chujio na kwenye matope ya chini hawalali pia. Kwa hiyo oksijeni hupungua usiku kucha, na saa mbaya kuliko zote ni ile kabla ya mwanga kurudi. Nami taa zangu nilikuwa nazizima saa kumi na mbili jioni, saa 14 za giza, na mimea mingi kiasi kile inapumua.

Nikaanza kutafuta nini kingine kilikuwa kinaongeza mzigo, na nikakuta mambo matatu, yote nimeyaweka mimi mwenyewe.

La kwanza lilinisikitisha zaidi. Ili mimea istawi nilikuwa nimetengeneza chupa ya sukari na hamira, mrija wake unaingiza hewa ukaa kwenye maji. Mchana mimea inaitumia. Lakini hamira haina swichi, inachacha saa zote, na kwenye joto letu inachacha kwa kasi. Usiku ile hewa ilikuwa inarundikana, na hewa ukaa ikizidi damu ya samaki inashindwa kubeba oksijeni vizuri hata hiyo kidogo iliyopo. La pili ni joto. Maji baridi ya nyuzi 20 hubeba miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hubeba 7.5 tu, na yangu yalikuwa nyuzi 31. La tatu ni uso wa maji, ndiko oksijeni ya hewani inakoingilia. Zile kabichi zilikuwa zimeufunika karibu wote, na palipobaki pana utando wa mafuta ya chakula. Aliyekaa Mwanza anajua magugumaji yakifunga ghuba ya ziwa, maji ya chini yake hukosa hewa.

Chupa ya hamira niliitoa siku hiyohiyo, sikuirudisha. Kabichi maji nikabakiza chache kwenye kona moja. Utando niliunyonya kwa karatasi ya jikoni, unailaza juu ya maji kisha unaivuta taratibu. Mdomo wa chujio niliuinua ukawa unatoa maji sawasawa na uso, unautikisa muda wote, na kwangu hilo lilisaidia kuliko vyote. Watu hudhani mapovu ya pampu ndiyo yanayoingiza oksijeni. Yanaingiza kidogo, kazi kubwa inafanyika pale yanapopasuka juu na kuyachanganya maji na hewa. Pampu niliirudisha kwa saa za usiku tu, nikaifungia vali ya njia moja kwenye mrija, kwa sababu imekaa chini ya tangi na umeme ukikatika maji yangeifuata. Mfuniko niliuondoa, nikaweka wavu na feni ndogo inayopuliza juu ya maji. Joto lilishuka nyuzi mbili. Maji yanapungua upesi, najazia kila baada ya siku mbili kwa maji niliyoyaacha kwenye ndoo.

Niliendelea kuamka na tochi kwa siku tano. Siku ya tatu tetra wawili tu walikuwa juu. Ya tano hakuna.

Likabaki suala la umeme. Mara moja ulikatika usiku, nikakaa nateka maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu, saa nzima na zaidi, ili yachanganyike na hewa. Mwisho wa mwezi nilinunua pampu ya betri inayojiwasha umeme ukiondoka. Juzi saa nane usiku niliisikia ikianza kunguruma sebuleni. Sikuamka. Mama alipomaliza kuswali alipita mlangoni kwangu akasema, "Wako chini, kwenye majani yao."