Baiti 40

Kabla sijatoka ofisini jioni ile niliwaandikia watu wa maunzi, yaani wa vifaa vyenyewe, ujumbe wa kuwashutumu. Matusi hayakuwemo, ila ulikuwa na ile adabu ya mtu aliyekwisha kutoa hukumu: tunaomba mkague kadi yenu, inaharibu data. Nikaambatanisha ushahidi, kurasa mbili za namba za heksa (za msingi wa 16), nikaeleza kwamba zinazoharibika ni baiti 40 za mwanzo tu. Nikautuma, nikaenda zangu nyumbani na moyo mweupe.

Kazi yangu ilikuwa draiva, programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na kadi. Kadi hiyo ilikusanya vipimo kutoka kwenye vihisi na kuvimwaga kwenye kumbukumbu kwa njia ya DMA, baiti 512 kwa pakiti. Kichakataji hakihusiki; kadi inaandika yenyewe, ikimaliza inapiga katizo kusema tayari. Draiva niliijaribu kwanza kwenye kompyuta ya mezani yenye kichakataji cha x86, ikakimbia siku nzima bila kosa hata moja. Tukaihamishia kwenye bodi ndogo yenye kichakataji cha aina nyingine, ARM, ambako ndiko ilikotakiwa kuishi, na haikupita hata nusu saa pakiti moja ikaja na kichwa cha mwenzake. Namba ya mfuatano ilisema 8130, vipimo vya mwisho vilikuwa vya 8131. Baiti 40 za pakiti iliyopita, 472 za pakiti mpya, zimeunganishwa kana kwamba zimezaliwa pamoja.

Nikachomeka printk, amri ya kuchapisha ujumbe, ili nione kinachotokea. Kosa likatoweka. Nikaitoa, likarudi. Aliyewahi kuandika kerneli, kiini cha mfumo wa uendeshaji, anaijua hali hiyo: unakuwa kama mtu anayewasha taa ili amwone mende.

Habari za kache, kumbukumbu ndogo ya haraka ya kichakataji, nilizijua, au nilidhani nazijua. Kichakataji hakichukui baiti moja moja kutoka kwenye RAM, kumbukumbu kuu; kinavuta laini nzima, na kwenye bodi yetu laini ilikuwa ya baiti 64. Kuanzia hapo kinatumia nakala yake. Kikiandika, kinaandika kwenye nakala, na RAM itapata habari baadaye, laini hiyo itakapotolewa kwenye kache. Kwenye x86 maunzi yenyewe hufuatilia: kadi ikigusa RAM, kache inajua na kujirekebisha. Bodi yetu haikuwa na ulinzi huo, kwa hiyo usuluhishi ulikuwa kazi ya kerneli, na kerneli huufanya draiva inapoita dma_map_single kabla ya kuikabidhi kadi bafa (eneo la kumbukumbu la kupokelea pakiti), na dma_unmap_single inapoichukua tena. Nilikuwa nazo zote mbili, kila moja mahali pake, na mwelekeo sahihi wa DMA_FROM_DEVICE, yaani data inatoka kwenye kadi. Ndiyo maana nilijiona sina hatia.

Kiswahili kina mzaha wake hapa, maana kumbukumbu ni mahali pa kuweka data na ni yale anayoyakumbuka mtu. Bodi yetu ilikuwa na kumbukumbu mbili za jambo moja, na hazikukubaliana.

Kuna jambo jingine nililijaribu kabla ya kutuma ule ujumbe, nalo linanitia aibu zaidi. Niliomba bafa kwa dma_alloc_coherent, ambayo kwenye bodi kama ile hukupa kumbukumbu isiyopita kwenye kache. Kosa likaisha kabisa. Tatizo ni kwamba kichakataji kilipoanza kuzichambua pakiti, kila usomaji ukawa safari ya kwenda hadi kwenye RAM, tukaachwa nyuma na kadi. Nikarudisha msimbo wa awali. Kichwa kingekuwa kimetulia ningejiuliza: kadi mbovu inaponaje kwa sababu tu kichakataji kimebadili namna ya kusoma? Sikujiuliza. Nilikuwa nimechoka, na mshukiwa nilikuwa naye tayari.

Asubuhi yake dada mmoja wa timu, aliyenitangulia kwenye kerneli kwa miaka mingi, alivuta kiti akaketi kando yangu. Nakala ya ujumbe wangu ilikuwa imemfikia.

"Mdogo wangu, hizi 40 zimetoka wapi?"

"Ndizo zinazoharibika, dada."

"Nimesoma. Nauliza kwa nini 40. Ingekuwa 32 au 64 ningeelewa. 40 ni namba ya nani?"

Sikuwa na jibu.

"Nifungulie struct yako."

Nikaifungua, ile orodha ya data za draiva zinazokaa pamoja kwenye kumbukumbu. Juu kabisa kulikuwa na pointa (anwani) ya kadi, kisha hali yake, kisha hesabu ya pakiti, kisha wakati wa mara ya mwisho kuikagua. Halafu ndiyo bafa, imekaa humohumo ndani, baiti 512. Akashuka na kidole kwenye skrini: "Nane, nne, nne, nane." Akachukua kalamu, akaandika 24. Chini yake akaandika 40, akapiga mstari. Hakujumlisha. Alinisukumia karatasi.

Nilihisi masikio yanapata moto.

Struct ilianzia mwanzoni mwa laini ya kache. Kwa hiyo baiti zangu 24 na baiti 40 za kwanza za bafa zilikuwa wapangaji wa chumba kimoja. Nilikuwa na kipima muda kinachoamka kila mara kuhakikisha kadi haijaganda, na kila kikiamka kinaandika wakati kwenye struct. Kikiamka baada ya kadi kukabidhiwa bafa lakini kabla haijaandika mwanzo wake, kichakataji kinaivuta laini nzima, pamoja na zile baiti 40 ambazo bado ni za pakiti iliyopita, kinabadilisha wakati, kinaiacha laini kwenye kache ikiwa chafu, yaani imebadilishwa na RAM haijapata habari. Kadi inamwaga data mpya kwenye RAM bila kujua lolote. Kisha inakuja dma_unmap_single. Kerneli inatakiwa izitupe nakala za bafa, lakini ile laini ya ukingoni si ya bafa peke yake. Ikiitupa, inatupa na wakati wangu. Basi inafanya la busara: inaiandika kwanza kwenye RAM, ndipo inaifuta. Wakati wangu unasalimika, na baiti 40 za zamani zinaandikwa juu ya zile mpya.

Yaani kadi ilifanya kazi yake, na kerneli ikafanya yake. Ile printk ilichelewesha mambo kiasi tu cha kipima muda kutoangukia tena kwenye mwanya huo.

Nyaraka za kerneli zinalionya hili waziwazi, kwamba bafa ya DMA isichangie laini ya kache na kitu kingine. Nilikuwa nimezisoma. Nilidhani onyo hilo ni la watu wanaokokotoa anwani kwa mkono.

Marekebisho hayakujaza hata skrini moja. Bafa ikatolewa ndani ya struct, ikabaki pointa, na kumbukumbu yake ikaombwa peke yake kwa kmalloc, ambayo kwenye bodi ile ilihakikisha kipande hakichangii laini na kingine. Dada alisimama nyuma yangu nikiandika, akauliza kama nimekumbuka kuiachilia kumbukumbu hiyo pale draiva inapoondolewa. Nilikuwa sijakumbuka.

Tuliiacha ikimbie usiku kucha. Asubuhi hapakuwa na pakiti hata moja yenye kichwa cha mwenzake, nikakaa kuwaandikia watu wa maunzi ujumbe wa pili, mfupi kuliko wa kwanza na mgumu zaidi kuuandika. Ili nijue ni maneno gani hasa ninayoyafuta, ilinibidi niusome tena ule wa kwanza. Namba 40 nilikuwa nimeiandika mara tatu, na mara moja nilikuwa nimeipigia mstari.