Andika Watoto Tisa

Mzee wetu alipofariki Agosti 2023, kazi ya kuandika wasifu wake iliniangukia mimi kwa sababu moja tu: mimi ndimi mwalimu wa Kiswahili pale nyumbani. Kaka yangu mkubwa alisema atanunua jeneza, atalipa hema na gharama za mochari, lakini haandiki neno hata moja. Sikumlaumu. Ana kovu juu ya jicho la kushoto, na sote tunajua lilikotoka.

Nilianza vibaya. Niliingia saiba moja, duka la kompyuta na intaneti, hapa Webuye, magharibi mwa Kenya; kijana akanifungulia wasifu wa marehemu mwingine kabisa, akaniambia nibadilishe jina, tarehe na picha. Eti wateja wengi hufanya hivyo. "Alikuwa mume mwema, baba mlezi, mpenda amani na mcha Mungu." Nikabadilisha jina, nikasoma, nikaona tunakwenda kumzika mtu nisiyemjua. Nikamlipa shilingi hamsini za muda wake, nikarudi nyumbani.

Usiku ule, wengine wakiota moto uani, nilichukua daftari nikafanya kitu ambacho huwakataza wanafunzi wangu wa insha: nilifuta vivumishi vyote, nikabakisha vitenzi. "Mkarimu" akaondoka. "Mwenye bidii" akaondoka. Kilichobaki ni kwamba alifanya kazi katika kiwanda cha karatasi miaka ishirini na miwili, na koti lake lilinuka kile kiwanda, harufu ile ya yai viza ambayo kila aliyekulia Webuye anaijua. Kwamba aliwafunza vijana watatu wa kijiji kuchomelea vyuma bila kuwatoza chochote. Kwamba nilipokuwa na malaria ya kichwani alinifunga kwa shuka kwenye mgongo wake, akaendesha baiskeli usiku hadi hospitali ya Lugulu, na alikuwa amelewa. Hilo la mwisho nililiandika, nikalikata, nikaliandika tena. Alikuwa amelewa, na alinifikisha.

Kisha nikafika kwenye pombe yenyewe. Nikaandika kwamba kiwanda kilipofungwa 2009 maisha yalimwelemea, akaanza kunywa. Nikamsomea Mama. Alikuwa anachambua mchele, wala hakuinua kichwa.

"Futa hapo. Huyo alikunywa tangu mshahara ukiingia kila mwezi. Usikisingizie kiwanda."

Nikabadilisha: alipambana na pombe kwa muda mrefu. Hapo Mama akacheka, kwa mara ya kwanza tangu tupigiwe simu ya hospitali. "Alipambana? Hakupambana, mwanangu. Alikunywa."

Basi tukaandika: "Alipenda pombe, na pombe yake ilitutesa nyumbani. Miaka minne ya mwisho aliiacha." Hivyo tu. Baba mdogo alipoona akasema tunamvua nguo ndugu yake mbele za watu. Nikamuuliza kama kuna mtu yeyote kijijini asiyejua. Akanyamaza, kisha akahamia kwenye hoja nyingine aliyokuwa ameiweka akiba: idadi ya watoto. Yeye alitaka tuandike saba. Wawili wa Kitale, alisema, mambo yao yatatengenezwa baadaye, polepole, na wazee. Aliyemjibu si mimi.

"Andika tisa," Mama alisema. "Mimi nimewajua tangu 1998. Hao watoto walimkosea nani?"

Lililobaki lilikuwa kovu la kaka yangu. Hilo sikutaka kuamua peke yangu, maana si langu. Nilimfuata nyuma ya zizi akivuta sigara. Alifikiri kidogo, akasema, "Usiandike. Lakini usiandike pia kwamba alitulea kwa upole." Nadhani katika zile siku sita sikupewa mwongozo bora kuliko huo. Kunyamaza aliruhusu. Kusema kinyume, hapana.

Siku ya mazishi nilipewa dakika tano, kwa kuwa waheshimiwa walikuwa wengi na kila mmoja alikuwa na mazishi mengine ya kuwahi. Nilisoma haraka. Nilipofika kwenye pombe hema zima lilitulia, kisha bibi mmoja wa nyuma akasema "Kweli," kwa sauti ya mtu anayekubali bei. Nilipotaja watoto tisa kwa majina, wale wawili walisimama kama wengine. Wa kike aliomba nakala tano za programu ampelekee mama yake.

Kwetu Wabukusu maneno hayaishii kaburini. Mzee mwenye hadhi yake hufanyiwa kumuse: huja msemaji wa kazi hiyo akazungumza na watu huku akitembea katikati yao. Wetu hakufikishwa cheo hicho, na hakuna aliyebisha. Lakini siku ya tatu tulikaa kama desturi ilivyo, wanaomdai wakaitwa waseme, na wenye mali yake vilevile. Mama mmoja mpika busaa, pombe ya kienyeji, alidai shilingi 2,300, watu wakaangua kicheko, naye akacheka, akalipwa. Jirani akadai mtamba. Hilo lilibishaniwa hadi jua likapinda.

Mwishoni akasimama mwanamume wa ng'ambo ya mto Nzoia ambaye sikuwahi kumwona. Alisema muhula wa pili wa 2006 binti yake alifukuzwa shule kwa ajili ya karo, na mzee akamkopesha elfu nne papo hapo, siku ya mshahara, bila kuandikiana. Amekuja kuzirudisha.

Nilihesabu kwa vidole chini ya daftari. Muhula wa pili wa 2006 mimi nilikuwa kidato cha tatu. Serikali ilikuwa bado haijaanza kutulipia masomo ya sekondari, hilo lilikuja 2008, na nilikaa nyumbani wiki tatu kwa kukosa karo. Mzee alituambia mshahara umechelewa.

Kaka yangu alinitazama. Alikuwa anakumbuka pia. Yule mwanamume alizitoa noti mfukoni, za elfu moja moja, akampa Mama kwa mikono miwili. Mama akazihesabu, akazifunga kwenye ncha ya leso, kisha akaifungua tena, akaninyoshea mimi.

"Chukua," akasema. "Karo yako imefika."